Faini imenizidi uwezo: je, naweza kuomba ipunguzwe?

SWALI: Ndugu Mhariri, nilikiri kosa dogo mahakamani, nikatozwa faini na gharama za kesi ambazo kwa jumla zinazidi kipato changu cha miezi miwili. Nilipoulizwa kama nina la kusema kabla ya adhabu kutolewa, niliona aibu, nikajibu kwamba sina. Siku nilizopewa zinakaribia kwisha. Je, nimeshachelewa?

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokufika. Swali lile ndilo lililokuwa nafasi yako ya kujitetea ili upunguziwe adhabu, kwa maana hakimu asiyeijua hali yako hukadiria faini kwa kuangalia kosa peke yake. Hata hivyo, wahi kwa karani wa mahakama iliyokuhukumu, uulize utaratibu wa kuomba kupunguziwa, kuongezewa muda au kulipa kwa awamu, na uulize pia siku ya mwisho ya kukata rufaa dhidi ya adhabu, kwa kuwa siku hizo huwa chache.

Katika maombi yako, usiishie kuandika kwamba maisha ni magumu. Onyesha unapata kiasi gani, kodi ya nyumba inachukua kiasi gani, una wategemezi wangapi na kinabaki nini, kisha utaje kiasi unachoweza kulipa kila mwezi bila kukatisha. Ambatisha hati ya mshahara au barua ya mwajiri. Ikiwa sheria imeweka kima cha chini cha faini, huenda hakimu asiweze kukishusha. Hapo omba usamehewe gharama za kesi, au upewe kazi za huduma kwa jamii kama sheria inaziruhusu.

Nasisitiza uwezo wa kulipa kwa sababu ni jambo zito. Mwaka 1971, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Tate, mtu maskini wa Texas aliyekuwa na faini za makosa ya barabarani zilizofikia dola 425. Kwa kuwa hakuwa nazo, alitakiwa akae gerezani akikatiwa dola 5 kwa siku, yaani siku 85, ingawa makosa yenyewe adhabu yake kisheria ilikuwa faini tu. Mahakama iliamua kwamba asifungwe kwa sababu ya umaskini wake, lakini haikumkinga mwenye uwezo anayekaidi kulipa. Ukikaa kimya, mahakama itakutofautishaje na mkaidi huyo?

Kwa hiyo, hata kama siku ya mwisho itafika kabla hujajibiwa, nenda na kiasi ulichonacho, uombe kipokelewe, na uitunze stakabadhi.