Kabla hujaagiza sensa: kwa fundi anayeanza kupima magari kwa mashine

Mashine ya kusoma makosa siku hizi kila mtu anayo. Hata kile kidude kidogo kinachoungwa na simu kitakuonyesha msimbo wa kosa kama P0171 kabla mteja hajamaliza kukueleza shida yake. Kazi ya fundi inaanzia hapo, na hapo ndipo vijana wengi wanapomtia mteja hasara: mashine imetaja hewa na mafuta, wao wanaagiza oksijeni sensa.

Herufi za mwanzo za msimbo hazisumbui. P ni injini na gia boksi, B ni bodi, C ni chesisi pamoja na breki za ABS, U ni kompyuta za gari kushindwa kuwasiliana. P0 maana yake karibu ni moja kwa magari yote, ila P1 ni ya kampuni yenyewe, kwa hiyo usitafsiri P1 ya Nissan kwa orodha ya Toyota. Marekani ililazimisha mfumo huu wa OBD-II, yaani gari kujipima lenyewe na kutoa misimbo hii, kwa magari ya kuanzia 1996, lakini Japani haikufuata mwaka huohuo. Ndiyo maana utakuta gari la zamani la Japani lina soketi ya pini 16 na mashine yako ndogo haisomi chochote. Usikimbilie kufungua nyaya za soketi.

Kabla hujafuta kitu, andika misimbo yote na ile kumbukumbu ya wakati kosa lilipotokea: mwendo, joto la maji, mzunguko wa injini. Maji yakiwa nyuzi 30, kosa lilijitokeza injini ikiwa baridi, basi mwombe mteja aliache gari lilale gereji, ulipime asubuhi.

Turudi kwenye P0171. Kompyuta inasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, na mara nyingi oksijeni sensa ndiyo iliyoliona hilo na kuripoti sawasawa. Fungua data za moja kwa moja, tazama LTFT, yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza. Kwenye injini nzima huwa ndani ya 10 juu au chini. Ikiwa ni 22 gari likiwa limesimama linaunguruma, kisha ukikanyaga hadi mizunguko 2,500 inashuka kuelekea kawaida, tafuta hewa ya wizi: mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya manifodi, bomba lililolegea baada ya eya klina. Ikipanda kadiri injini inavyobebeshwa mzigo, geukia presha ya pampu, filta ya mafuta, au sensa ya hewa iliyojaa vumbi. Hii ya mwisho huoshwa kwa dawa yake maalumu, na usiiguse kwa kitambaa wala brashi.

Gari likimisi, yaani silinda moja ikishindwa kuchoma mafuta sawasawa, kazi ni rahisi zaidi. Tuseme Toyota IST yenye injini ya 1NZ imeleta P0302, yaani silinda ya pili. Hamisha koili ya pili uipeleke ya tatu, ya tatu uilete ya pili, futa, endesha. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu na umethibitisha bila kununua kitu. Ikibaki P0302, fanya hivyohivyo na plagi, kisha nozeli, kisha pima kompresheni. Na ukichomoa koili ukakuta shimo la plagi lina oili, badilisha sili za kava ya juu, la sivyo koili mpya nayo itakufa. Taa ya injini kwenye dashibodi ikiwa inawaka na kuzima gari likiwa linamisi, mwambie mteja asiendelee kuendesha: petroli isiyoungua inaunguza masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi.

Tyunapu ya magari haya haina tena kurekebisha kabureta wala platini. Taimingi na mchanganyiko ni kazi ya kompyuta; yako ni plagi sahihi, eya klina, na kusafisha throtel. Plagi ya iridiamu usiisugue kwa brashi ya waya, ncha yake ni nyembamba mno.

Ukimaliza, usimkabidhi mteja gari kwa sababu tu taa imezima. Ukifuta misimbo, unafuta pia majaribio ambayo kompyuta hujifanyia yenyewe, na mengine huhitaji safari kadhaa, injini ikiwashwa baridi hadi ipate moto. P0420, yaani masega ya ekzosi kutofanya kazi vizuri, inaweza kukaa kimya siku nzima halafu ikarudi. Endesha, soma tena, angalia majaribio yapi yamekamilika, ndipo uandike risiti.