Kufuli za KVM: kabla hujageuza mpangilio, soma hapa

Wadau, hii nawaandikia nyie mnaoanza kushika kodi ya KVM (sehemu ya kerneli ya Linux inayoendesha VM, yaani kompyuta za kubuni ndani ya kompyuta halisi), kodi ya kompyuta jamani siyo ile ya TRA, maana naona kila anayekuja anatumbukia shimo lile lile nililotumbukia mimi, na mimi nilitumbukia mara tatu kwenye pachi moja (badiliko la kodi unalotuma likaguliwe).

Shimo lenyewe linaitwa dedloki, na siyo kitu cha ajabu. Mama Asha kashika sufuria anasubiri jiko, jirani yake kakalia jiko anasubiri sufuria, hakuna anayeachia cha kwake, watoto wanalala njaa. Kwenye kerneli ndio hivyo hivyo, kufuli ni kinga ya kuzuia thredi mbili (kazi zinazokimbia) zisiguse data moja kwa mpigo, sasa thredi moja ina kufuli A inataka B, nyingine ina B inataka A, na dawa yake kila mtu anaijua, wote wakubaliane A inashikwa kwanza siku zote. Sasa kasheshe ya KVM ni kwamba kuna kufuli umeshaishika na wala hujui kama umeishika.

Yangu ilikuwa hivi. Nilipewa kazi ya kuongeza haipakoli mpya, yaani mgeni (ile VM) anabisha hodi kwa mwenyeji (mashine halisi) anaomba kitu, na hicho kitu kilikuwa kwenye jedwali moja la VM nzima. Nikajiambia kitu ni cha VM nzima basi kufuli yake ni kvm->lock, nikabandika mutex_lock (amri ya kushika mutex, kufuli ambayo thredi moja tu inaweza kuishika kwa wakati), nikajaribu, ikakubali, nikaenda zangu kula. Kumbe vCPU (prosesa ya kubuni ya mgeni) ikianza kukimbizwa kwa amri ya KVM_RUN, vcpu->mutex inashikwa pale mlangoni kabisa na haiachiwi mpaka unarudi yusaspesi (upande wa programu za kawaida, nje ya kerneli), kwa hiyo kodi yote inayomhudumia mgeni, haipakoli yangu ikiwemo, inakimbia ndani ya vcpu->mutex hata kama kwenye faili lako hilo jina halionekani popote. Na sheria iliyoandikwa kwenye Documentation/virt/kvm/locking.rst ni kinyume na nilivyofanya: kvm->lock inakuwa nje, vcpu->mutex ndani. Kuna njia nyingine za VM zinashika kvm->lock halafu zinapita vCPU moja baada ya nyingine kushika mutex zake. Sufuria na jiko.

Sikuona chochote kwa sababu mashine yangu haikuganda hata siku moja, na hapo ndipo wengi mnapodanganyika. Ili igande kweli inabidi thredi mbili zikutane kwenye upenyo mdogo sana wa muda, unaweza kukaa mwezi mzima usiione, akaja kuiona mteja. Kwa hiyo usijenge kerneli ya majaribio bila CONFIG_PROVE_LOCKING=y. Hiyo inawasha lockdep, mkaguzi wa kufuli wa kerneli, kazi ya Ingo Molnar, iliingia toka kerneli 2.6.18 mwaka 2006, na yenyewe haisubiri mashine igande, inakumbuka tu nani alishikwa ndani ya nani, siku moja A-B siku nyingine B-A basi inapiga kelele papo hapo hata kama hakuna aliyegongana na mwenzake. Na kitu ambacho hakuna aliyeniambia: ikishapiga kelele mara moja inajizima mpaka uwashe mashine upya. Mimi nilirekebisha, nikapakia moduli tena bila kuriibuti, kimya, nikadhani nimepona, kumbe mlinzi alishaenda kulala.

Ripoti yake inatisha ila usomaji wake ni mwepesi. Tafuta -> #0, hiyo ndiyo kufuli inayoombwa sasa hivi, halafu #1, #2 na kuendelea ndiyo mnyororo uliokuwepo toka zamani, kila moja na staki yake (orodha ya funksheni zilizoitana mpaka hapo). Wengi wanaoanza wanaangalia #0 peke yake kwa sababu ndio wameiandika wao. Soma ile staki nyingine, ndiyo inayokwambia nani alikutangulia na alikuwa anafanya nini.

Haya, dawa. Jaribio la kwanza nikaachia vcpu->mutex katikati, nikashika kvm->lock, halafu nikairudia vcpu->mutex ndani yake. Mpangilio safi! Aliyekagua akaniuliza swali moja tu, hapo katikati akiingia mtu mwingine akabadilisha rejista za hiyo vCPU wewe unaendelea na zipi? Sikuwa na jibu. Jaribio la pili nikaweka mutex_trylock, ikishindikana narudisha -EBUSY (kosa la "niko bize"). Lockdep ikanyamaza, na lazima inyamaze, maana trylock haisubiri kwa hiyo haihesabiwi kuwa inaweza kufunga duara. Lakini sasa mgeni anakataliwa ombi lake ovyo ovyo kutegemea mwenyeji yuko bize au la, hiyo siyo tiba, ni kuhamisha ugonjwa kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

La tatu ndilo lililopita, na ndilo ninalotaka mlishike: nilijiuliza hii kufuli nimeiomba inilindie NINI hasa. Nikaona ni jedwali dogo basi, sihitaji VM nzima isimame. Nikaunda mutex ndogo ndani ya kvm->arch, kazi yake hilo jedwali tu, inashikwa mwisho kabisa na ndani yake hakuna kufuli nyingine inayoombwa. Tena siyo ubunifu wangu, wakubwa wamepita hapo hapo. Upande wa KVM unaoigiza Xen (mfumo mwingine wa VM) kwenye x86 (prosesa za Intel na AMD) walikuwa wanatumia kvm->lock, wakaunda xen_lock yake. Upande wa arm64 (prosesa za ARM) mpangilio wa zile mbili za mwanzo, ya VM na ya vCPU, ulikuwa kinyume toka mwanzo kabisa, mgeni akiomba kuwasha CPU nyingine kwa PSCI CPU_ON (PSCI ni utaratibu wa ARM wa kuwasha na kuzima CPU), kvm->lock ilikuwa inashikwa humo ndani, ikaja kurekebishwa 2023 kwa kufuli ndogo ya hali ya vCPU na nyingine ikaitwa config_lock. KVM ya arm iliingia kerneli 2013, piga hesabu mwenyewe, kwa hiyo ukikosea usijione mjinga.

Kuna mtego mwingine nauona mbaya zaidi, SRCU, njia ya kusoma data bila kufuli huku mwandishi akiibadilisha. Watu hawaihesabu kama kufuli kwa sababu msomaji hasubiri mtu. Ila mwandishi anasubiri! Anayebadilisha memsloti (vipande vya kumbukumbu ya mgeni) anashika kvm->slots_lock halafu anaita synchronize_srcu, inasubiri wasomaji wote watoke. Wewe ukiwa msomaji, uko ndani ya srcu_read_lock, ukaomba slots_lock, basi yeye anakusubiri wewe utoke na wewe unamsubiri yeye aachie, mnazeeka wote. Na miaka mingi lockdep ilikuwa haioni duara la namna hii, kwa hiyo kama uko kwenye kerneli ya zamani ya kampuni usiitegemee, tumia macho. Kuna nyingine, slots_arch_lock, hiyo unaruhusiwa kuishika ukiwa ndani ya SRCU, maana inaachiwa kabla ya kusubiri.

Na pale unapohitaji kufuli za VM mbili kwa mpigo, kama SEV (teknolojia ya AMD ya kusimba kumbukumbu ya VM) inapohamisha VM, hapo zote ni aina moja, nani awe wa kwanza? Wao wameweka bendera kwa kila VM kwamba iko kwenye uhamisho, ukiikuta imepandishwa unarudishiwa -EBUSY. Hapa -EBUSY ni halali kwa sababu anayeipata ni programu ya mwenyeji, inaweza kujaribu tena, tofauti na ujinga wangu wa juu.

Ikishaganda kweli kweli usizime umeme kwa hasira. Kama bado una shelli moja hai andika herufi w kwenye /proc/sysrq-trigger uone thredi zilizokwama, halafu d uone nani kashika nini, na d inahitaji lockdep iwe imejengwa. Na majaribio fanyia ndani ya QEMU (programu ya kuendesha VM) siyo kwenye laptopu yenye kazi zako, mimi nilipoteza jioni nzima ya Ijumaa.

Pachi yangu ilirudishwa mara moja ya mwisho, safari hii siyo kwa kufuli. Walitaka niweke ripoti nzima ya lockdep kwenye maelezo, na niongeze mstari wa kufuli mpya ndani ya locking.rst kwenye pachi hiyo hiyo.