Maswali ya Wasomaji: Kaseti na laptopu haziendi pamoja

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kirumba, nina kichumba nafanyia rekodi, juzi mjomba kanipa mashine ya kaseti ya treki nne, Portastudio ya Tascam, bado inapiga vizuri tu. Nataka gitaa na sauti ziwe kwenye kaseti afu ngoma zitoke kwenye laptopu, sasa nikizianzisha pamoja mwanzo ziko poa ila wimbo ukifika kati ngoma zishaachana na gitaa. Nikitafuta taimukodi mtandaoni naletewa mambo ya kamera tu. Maelezo yenyewe ya kitaalamu nayapata wapi?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mota ya kaseti mwendo wake unapandashuka kidogo muda wote, laptopu nayo inafuata saa yake ya ndani, hakuna anayemsikiliza mwenzie, kwahiyo lazima ziachane hata ubonyeze kwa ustadi gani.

Dawa yake ni mkanda uwe unaiambia laptopu tumefika wapi. Taimukodi ya SMPTE (chama cha wahandisi wa filamu na televisheni) kazi yake ndo hiyo, inataja saa, dakika, sekunde na fremu, yaani vipande vya sekunde, na ile aina inayoitwa LTC inarekodiwa kama sauti ya kawaida, ukiisikiliza inakwaruza kama mashine ya faksi. Kila fremu ina biti 80, kwa fremu 25 ni biti 2000 kwa sekunde, mzigo mdogo tu ambao hata kaseti inaubeba.

Unairekodi treki ya 4 mwanzo mpaka mwisho wa wimbo kabla hujaweka kitu kingine chochote, na uiache itangulie sekunde kumi hivi ili laptopu ipate muda wa kuishika. Zima dbx, ile ya kupunguza kelele za mkanda, kwenye hiyo treki maana inaichafua kodi. Levo nayo angalia, ukizidisha ule mkwaruzo unavujia treki ya 3 (mimi hapo ningeweka besi, sio sauti ya mwimbaji), ukipunguza sana laptopu inaipoteza njiani. Zamani ulihitaji kiboksi cha kuigeuza LTC kuwa MTC, yaani taimukodi inayopita kwenye waya wa MIDI (MIDI ni maagizo ya noti gani ipigwe lini, sio sauti yenyewe), ila siku hizi programu ya kurekodi kama Reaper inaitengeneza LTC yenyewe na inaisoma moja kwa moja kutoka kwenye tundu la kuingizia sauti, kwahiyo usikimbilie kununua kiboksi. Chagua fremu 25 pande zote mbili. Ukiweka 30 huku na 29.97 kule utakosana kama sekunde 3.6 kwa saa.

Sasa hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Taimukodi inasema tuko wapi, haiishiki saa ya saundikadi yako. Ngoma zikiwa bado MIDI zitaufuata mkanda bila shida, lakini ukishazigeuza kuwa sauti zitacheza kwa mwendo wa laptopu na utarudi kulekule. Ziache MIDI mpaka mwisho. Na kama mpango wako ni kuhamisha tu kanda za zamani, achana na taimukodi kabisa, tafuta saundikadi yenye njia nne za kuingizia uhamishe treki zote nne kwa mpigo mmoja.

Kuhusu maelezo, anza na kitabu cha maelekezo cha mashine yako, andika namba kamili ya modeli maana Portastudio ziko nyingi toka ile 144 ya mwaka 1979. Kama una kinanda cha umeme pia, fungua kurasa za mwisho za kitabu chake kuna jedwali la MIDI, angalia mstari wa Clock, mduara ni ndio, X ni hapana. Ila hiyo Clock sio MTC, yenyewe inahesabu tiki 24 kwa kila pigo la wimbo, muda wa saa haiujui. Ukitafuta usiandike taimukodi peke yake, andika "tape sync", "LTC stripe", "MTC". Jarida la Sound On Sound la Uingereza lina makala za miaka ya 1990, watu walivyokuwa wanafanya kitu hikihiki chumbani kwao, hizo zitakusaidia kuliko vidio kumi za leo.

SWALI: Tumeshuti kwaya ufukweni Nyegezi kwa simu, sauti tukachukua na rekoda pembeni, kwenye kompyuta mdomo na sauti vinapishana. Tununue vifaa vya taimukodi?
Mwanakwaya, Nyegezi

JIBU: Hapana jamani, hela hiyo nunueni maiki. Mtu apige kofi moja mbele ya simu mwanzoni na lingine mwishoni, rekoda muiweke 48 kHz, kipimo cha sauti kinachotumika kwenye vidio. Simu nyingi zinabadilisha idadi ya fremu zenyewe, kwahiyo pitisheni vidio kwenye programu ya HandBrake mchague idadi ya fremu isiyobadilika kabla ya kuhariri. Na huyo wa kofi asimame karibu na rekoda pia, sauti inachukua kama fremu moja nzima kutembea mita 14.