Kishikwambi kwa mtoto wa kidato cha pili: ninunue au niache?

Dada, umeuliza kama kishikwambi kitamfaa mwanao wa kidato cha pili, pamoja na hesabu za kibanda chako pale Mbuyuni, au ni mbwembwe tu. Kwa mtoto, nunua. Kwa kibanda, daftari na simu uliyonayo vinatosha.

Mimi ninacho hapa Moshi mwaka wa nne sasa. Kazi yake hasa ni kusoma. Kitabu cha PDF kwenye simu unakivuta kushoto na kulia mpaka macho yanauma. Kwenye skrini ya inchi 10 ukurasa unakaa wote. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, kwa hiyo hatakosa cha kusoma. Kuandika ndiyo shida. Insha ya kurasa mbili kwa kugusa kioo ni adhabu, na ukiongeza kibodi unakaribia bei ya kompyuta mpakato iliyotumika.

Wanaokibeza wamesahau sensa ya 2022: makarani walihesabu watu kwa vishikwambi, baadaye vikagawiwa walimu.

Ila bei ya chee ikutishe. Changu cha kwanza, nilichonunua Arusha, kilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, ya GB 1 tu. Ukifungua kitabu unachemsha chai kabisa ndipo kifunguke! Anzia GB 4, kiwe na sehemu ya laini, na kava gumu usilisahau, maana kioo kikipasuka utakaa chini ukisikia bei ya fundi. Nenosiri la kupakua magemu weka wewe.