Mkono wa gia wa zamani kwenye giaboksi mpya

SWALI: Mheshimiwa Fundi, kwenye Chevrolet Camaro yangu ya 1968 nimetoa giaboksi ya otomatiki ya Powerglide yenye gia 2, nikafunga 700R4 yenye gia 4. Je, mkono wa gia wa kiwandani utafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, utafaa, na nakusihi usiutupe. Badilisha bamba la meno lililo chini yake, linaloshika mkono kwenye kila nafasi, kwani Powerglide ina nafasi 5 za mkono na 700R4 ina 7, pamoja na kikono cha ubavuni mwa giaboksi. Kaza kebo ya gia mkono na giaboksi vyote vikiwa kwenye P (kuegesha), kisha uhakikishe stata inaitika kwenye P na N (gia huru) pekee. Zaidi ya yote, rekebisha kebo itokayo kwenye kabureta hadi giaboksi, inayoongoza shinikizo la mafuta ya giaboksi, maana ikilegea, klachi za ndani huungua upesi.