Usipanguse gari la Goma kabla ya kulimwagia maji

Wadogo zangu mnaoanza kuosha magari hapa Goma, mimi somo hili nililipata kwa aibu. Asubuhi moja mzee mmoja aliniachia Toyota nyeusi. Bidoni za maji zilikuwa karibu kuisha, nikaona nipanguse boneti kwa kitambaa kwanza, maji yaje baadaye. Saa sita jua lilipopiga, boneti nzima ilikuwa na miviringo myembamba kama utando wa buibui. Mzee alilizunguka gari lake mara mbili, hakusema kitu. Afadhali angenitukana.

Vumbi letu si ule udongo mwekundu wa Bukavu. Hili ni lava, mawe ya volkano, iliyosagwa na magurudumu, chembe zenye ncha, ngumu kuliko verni, yaani ile ngozi angavu iliyo juu ya rangi. Verni ya kiwandani mara nyingi ni mikromita 40 au 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Ukipitisha kitambaa juu ya vumbi hilo, umeshika msasa.

Kwa hiyo mwaga maji mengi kwanza, ukianzia paani. Tumia ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kila unapomaliza sehemu. Angalia chini ya hiyo ndoo ya pili ukimaliza, utaona mchanga mweusi umetulia pale. Huo ndio ungekuwa kwenye milango. Pitisha mkono kwa mstari, si kwa kuzungusha. Magurudumu yaje mwisho, na yawe na kitambaa chao. Kitambaa kikianguka chini, hakirudi kwenye rangi siku hiyo, hata ukikikung'uta. Sabuni ya unga ifulie nguo: inaondoa nta, na chembe zisizoyeyuka zinakwaruza. Kukausha, laza taulo ya mikrofaiba na kuibonyeza.

Mikwaruzo ikishakuwepo, ipitishie ukucha. Ukucha ukikwama, usijaribu maajabu, hiyo ni kazi ya fundi wa rangi. Usipokwama, mara nyingi polishi laini itaiondoa. Osha gari vizuri, fanya kivulini bodi ikiwa imepoa, sehemu ndogo ndogo, kwa sponji safi. Ila jueni kwamba polishi haijazi mkwaruzo. Inapunguza verni iliyouzunguka mpaka iwe sawa nao, na verni iliyoondoka hairudi. Kwenye kona na kingo ni nyembamba zaidi. Hapo mashine ya kung'arisha imewaponza wengi. Dawa ya meno, ambayo wengine huipaka kwenye mikwaruzo, waachieni wenye meno. Mkimaliza, pakeni nta.

Jambo jingine, la kulinda mkate wenu: kabla ya tone la kwanza la maji, lizunguke gari pamoja na mwenyewe, ummulikie kwa tochi ya simu mikwaruzo aliyokuja nayo. Wengine watanuna kidogo.

Yule mzee wa Toyota bado ananiletea gari. Ila siku hizi haniachii funguo akaenda zake. Anavuta kiti, anakaa, anahesabu ndoo.