Ngazi ya nje na dirisha la jiko

Dada, umeuliza kama ngazi ya chuma nyuma ya hosteli yako ya ghorofa nne, Sinza, inatosha moto ukizuka. Shida si chuma, ni lile dirisha la jiko kando yake. Moto utatokea hapo na kuilamba ngazi, wapangaji wakwame juu. Kanuni ya usalama wa moto majengoni ya Marekani, NFPA 101, kwa kawaida hutaka madirisha yaliyo ndani ya mita 3 hivi kutoka kwenye ngazi yazuiwe moto usipite. Na kufuli la geti kwa ajili ya vibaka? Litoe, weka komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Mitungi ya gesi pale chini ihamishe leo. Kabla fundi hajachomelea chochote, peleka ramani Zimamoto.